Farasi wa kuazima katika kituo cha watoto: uchambuzi wa kisa kimoja, Moshi

Kisa hiki kinahusu farasi jike wa miaka 16 aliyetoka shamba moja upande wa Usa River, mkoani Arusha, kwenda kusaidia tiba ya watoto wenye ulemavu katika kituo kilichopo pembezoni mwa Moshi. Majina, tarehe na alama zinazoweza kuwatambulisha wahusika zimeondolewa. Tumekichagua kwa sababu karibu kila kilichohusu farasi mwenyewe, yaani afya, tabia, lishe na usafiri, kilipimwa kwa makini, na bado aliponea chupuchupu. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya nani anaamua nini farasi akichoka au akiugua.

Usuli

Kituo kinahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji na hali ya Down. Siku za farasi wanakuwepo mtaalamu wa tiba ya viungo na mtaalamu wa tiba kazi, yaani tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli za kila siku. Kwa hilo Moshi imebahatika, maana tiba kazi inafundishwa hapohapo, katika hospitali ya KCMC. Kila mtoto anayepanda anahitaji watu wazima watatu: mmoja anamwongoza farasi kwa kamba, wawili wanatembea ubavuni, kila upande mmoja, mkono ukiwa tayari pajani au kiunoni mwa mtoto.

Kituo kilikuwa na farasi wawili. Mmoja, dume aliyehasiwa mwenye miaka 22, alishaanza kuchechemea, na mrithi wake alihitajika mapema. Upande wa pili ilikuwepo familia yenye jike aliyewahi kubeba wageni kwenye safari za polepole. Binti aliyekuwa akimpanda alikwenda masomoni nje ya nchi, na jike akabaki malishoni akinenepa.

Familia iliuliza swali la haki: je, hii ni tiba au ni burudani tu? Jibu limo katika mwendo wa farasi. Anapotembea kwa hatua za kawaida, mgongo wake unamsukuma mpandaji mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kumzungusha nyonga kidogo, kwa namna inayofanana sana na nyonga za binadamu anapotembea. Kwa hatua 100 hivi kwa dakika, mtoto ambaye hajawahi kutembea anapata hatua kama 2,000 katika dakika 20. Misuli ya kiwiliwili inalazimika kujibu kila hatua. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa polio, alipata medali ya fedha katika mashindano ya farasi, na baada ya hapo watu wengi wa Ulaya walianza kuitazama kazi hii kwa uzito.

Kutokana na hilo, farasi anayechechemea hafai, hata awe mpole namna gani. Hatua isiyo sawa inamfundisha mtoto mwili usio sawa. Wenye farasi wengi hudhani kituo cha tiba ni mahali pa kumpeleka aliyeshindwa kazi nyingine. Kazi hii ina ugumu wake: mzigo unaoegemea upande mmoja, visigino vinavyogonga mbavu bila mpango, kelele za ghafla, na kusimama tuli kwa muda mrefu.

Azima au zawadi

Pande zote mbili zilifikiria kwanza zawadi. Familia ikasita kwa kuogopa kwamba miaka ikipita, uongozi ukibadilika, jike anaweza kuuzwa kwa mtu wa kukodisha farasi. Kituo nacho kilikuwa na hofu yake, ambayo watu huona aibu kuitaja: farasi wa miaka 16 akipewa moja kwa moja, baada ya miaka michache kituo kitakuwa kinamlisha mzee asiyefanya kazi, kwa fedha za watoto. Azima iliondoa hofu zote mbili. Familia inabaki mwenye mali, na uzeeni jike anarudi kwake. Walianza na majaribio ya siku 60, kisha mwaka mmoja.

Ukaguzi

Mtaalamu wa tiba, daktari wa mifugo na saisi (mtunza farasi) wa kituo walikwenda Usa River mara tatu, kwa siku na saa tofauti, kwa sababu farasi aliyetulia asubuhi moja anaweza kuwa ameshiba au amechoka tu.

Daktari alimwendesha mita 30 kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi, kwanza kwa hatua, kisha mchakamchaka. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka pale mguu huo unapogusa ardhi na kushuka ule mzima unapokanyaga. Hakikuinuka. Kwato za nyuma zilikanyaga mbele kidogo ya alama za kwato za mbele, dalili ya hatua ndefu na mgongo ulio huru. Vidole vilipopitishwa pande zote mbili za uti wa mgongo hakujikunja wala kutingisha mkia. Meno yalikuwa na ncha kali zilizohitaji kutiwa tupa, jambo la kila mwaka.

Uzito ulikadiriwa kwa futi kamba. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele ulikuwa sentimita 170, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako 150. Mzunguko huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu, halafu jumla hugawanywa kwa 11,880. Jibu ni kilo 365 hivi. Kanuni ya kawaida ni mzigo usizidi asilimia 20, tandiko likiwemo, lakini mpandaji asiyeweza kujisawazisha humlemea farasi kuliko mizani inavyosema. Wakaweka asilimia 15, kama kilo 55. Ukitoa tandiko la kilo 8, mtoto mkubwa kuliko wote asizidi 47. Hesabu hiyo iliwaondoa vijana wawili kwenye orodha yake, na ilikuwa sahihi kuwaondoa.

Kisha vitu vya kazi yenyewe: kiti cha magurudumu kikipita nyuma yake, magongo yakianguka kwenye saruji, mpira, mwavuli ukifunguliwa, mtu akipiga yowe, mikono ikivuta nywele za shingo. Alishtuka kwa mwavuli mara ya kwanza, akasimama, akautazama. Hiyo ni alama nzuri. Asiyeshtuka kabisa hatafutwi. Anatafutwa anayeshtuka kisha akabaki palepale. Alishindwa jambo moja: kusimama kati ya majukwaa mawili ya kupandia. Alirudi kinyumenyume kila alipoona amebanwa. Waliamua afundishwe kwa jukwaa la upande mmoja kwanza, la pili lisogezwe kidogokidogo. Ilichukua siku kumi.

Kumhamisha

Uamuzi mgumu ulikuwa wa msimu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na usubi (wadudu wadogo wanaouma), hauambukizi kutoka farasi kwa farasi, na farasi asiye na kinga mara nyingi hafiki wiki ya pili. Arusha iko juu na ina baridi kidogo. Moshi iko chini kwa mamia ya mita, ina joto zaidi, na kusini mwake kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Masika yalikuwa karibu. Kituo hakikutaka kungoja hadi Julai. Makubaliano yakawa hivi: chanjo zote mbili za ugonjwa huo, zinazoachana angalau wiki tatu, zimalizike akiwa bado Usa River, na zipite wiki nne kabla ya safari. Akifika Moshi, aingie bandani saa kumi na moja jioni na kutoka saa mbili asubuhi, kwa kuwa usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Madirisha yafungwe wavu wa matundu madogo.

Kibali cha kusafirisha mifugo kilitolewa na afisa mifugo wa wilaya. Alipakiwa kwenye Fuso alfajiri, akiegeshewa gari kwenye tuta ili apande bila kuruka, sakafu ikiwa na mchanga wa kuzuia kuteleza. Marobota kumi ya majani yaleyale aliyozoea yalikwenda naye, yakachanganywa na ya Moshi kwa siku kumi. Tumbo la farasi halivumilii kubadilishiwa chakula ghafla. Kwa kilo zake anahitaji kama kilo 7 hadi 8 za majani makavu kwa siku, maji safi muda wote (lita 25 hadi 50, kutegemea joto na kazi), na jiwe la chumvi. Pumba za mahindi hakupewa kabisa. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na zikiwa na ukungu zinaweza kuharibu ubongo wa farasi. Chakula cha kuku nacho kiliwekwa stoo nyingine yenye kufuli, maana dawa ya monensini inayowekwa kwenye baadhi ya vyakula hivyo inaua farasi kwa kipimo kidogo tu.

Uamuzi bora kuliko yote ulikuwa wa mwenye farasi: alimtuma saisi wake akae Moshi siku kumi za mwanzo. Huyo ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba jike hapendi mkanda wa tumbo ukazwe kwa mara moja, bali tundu moja, atembezwe kidogo, kisha tundu la pili.

Mkataba

Ulikuwa kurasa mbili. Ulisema mali ni ya nani, kwamba jike hatazalishwa, hataazimishwa kwa wengine wala kupandwa na wafanyakazi kwa starehe. Kituo kitamlisha, kitamchonga kwato kila wiki sita na kulipia chanjo. Upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 14.

Sehemu ya kazi ilisema atatumika “kwa kadiri ya mahitaji ya watoto”. Sehemu ya matibabu ilisema kituo “kitawasiliana na mwenye farasi endapo ataugua”. Kila aliyesoma aliona maneno haya yametosha.

Kazi ilivyozidi

Mwezi wa kwanza alifanya kazi siku mbili kwa wiki, watoto wanne kwa siku, dakika 20 kila mmoja. Watoto wenye hali ya Down walipanda baada tu ya daktari wa binadamu kuthibitisha kwamba mifupa ya juu ya shingo iko imara. Wenye kifafa kisichodhibitiwa hawakupandishwa. Kofia ngumu kwa kila mtoto, na vikuku vya kukanyagia vilivyofungwa kwa mbele ili mguu usipenye.

Wiki ya saba farasi wa pili wa kituo akapata jipu la kwato. Badala ya kupunguza watoto, kituo kilimhamishia jike wote: watoto saba kwa siku, siku nne kwa wiki. Si uamuzi wa watu wasiojali. Akina mama walikuwa wanapanda daladala kutoka Himo na watoto migongoni, na kuwarudisha bila kupanda kulimuuma kila mtu.

Saisi wa kituo aliandika kila kitu kwenye daftari la banda. Wiki ya nane: “analaza masikio nikifunga mkanda.” Wiki ya tisa: “anaondoka jukwaani kabla ya kuambiwa.” Wiki ya kumi: “hatua fupi, manyoya yamekatika nyuma ya kiwiko cha kushoto.” Daftari lilikaa bandani. Mtaalamu wa tiba alikuwa na fomu zake ofisini, na hakuna aliyepangiwa kusoma vyote viwili.

Dawa ya kupe

Masika yakaleta kupe, na kwa farasi kupe si usumbufu tu: huleta homa ya damu inayomfanya awe na fizi za njano na kudhoofu. Kituo kina ng'ombe wawili wa maziwa. Jumatano asubuhi kijana anayewahudumia alimaliza kuwapulizia, akabakiwa na dawa kwenye bomba, akampulizia na jike. Alifanya kwa nia njema. Dawa ilikuwa amitrazi.

Amitrazi kwa ng'ombe ni dawa ya kawaida. Kwa farasi, hata kwa kipimo kilekile cha ng'ombe, inaweza kupunguza mwendo wa utumbo mpana hadi kinyesi kikakauka na kuziba. Lebo hutahadharisha, lakini chupa ilikuwa stoo na bomba halina lebo.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni saisi alimpigia mkuu wa kituo: “Shikamoo mama. Farasi hajanya tangu asubuhi, majani hajagusa, na kila mara anautazama ubavu wake.” Mapigo ya moyo yalikuwa 52 kwa dakika, farasi mzima aliyetulia huwa na 28 hadi 44. Jotoridi lilikuwa kawaida. Sikio likiwekwa ubavuni, sauti za utumbo zilikuwa chache sana.

Mwenye farasi alikuwa mbugani, simu haipatikani. Daktari wa mifugo, aliyekuwa Arusha, aliuliza maswali mawili ambayo daktari yeyote makini angeuliza kwa mnyama wa mtu: nani ananiruhusu kumtibu, na kama hali itakuwa mbaya, nani ataamua? Mkuu wa kituo aliogopa kujibu. Mkataba ulimwambia awasiliane, na alikuwa anajaribu kuwasiliana. Mwenye farasi alipatikana saa moja asubuhi, na daktari akafika saa tatu. Zilikuwa zimepita saa 15 tangu simu ya saisi.

Daktari alipitisha bomba puani hadi tumboni, akathibitisha hakuna majimaji yanayorudi, kisha akamimina maji yenye chumvi za madini na mafuta ya parafini ya kitabibu. Alimpa dawa ya maumivu na maji ya mshipani. Alikwepa dawa za kutuliza za jamii ya xylazine, kwa sababu hufanya kazi kwa njia ileile ya amitrazi na zingeulaza utumbo zaidi. Ngozi ilioshwa kwa sabuni na maji mengi. Chakula kiliondolewa, akatembezwa kwa vipindi vifupi. Kinyesi cha kwanza, kigumu kilichofunikwa ute, kilitoka Jumamosi alfajiri.

Maamuzi baada ya hapo

Familia ilikuwa na kila haki ya kutuma Fuso siku ileile. Mkuu wa kituo aliwapelekea kila kitu bila kuombwa: daftari la banda, ratiba ya watoto, na maelezo ya kijana wa ng'ombe, ambaye hakufukuzwa. Uwazi huo ndio uliookoa azima. Walikaa mezani wakaandika upya sehemu mbili.

Ya kazi: siku tatu kwa wiki, watoto wanne kwa siku, dakika zisizozidi 25 kila mmoja, na mapumziko baada ya wawili. Kila wiki ya sita hapandwi. Anatembezwa na kuachwa malishoni. Saisi ana mamlaka ya kumwondoa kazini siku hiyohiyo bila kuomba ruhusa, na sababu inaandikwa kwenye fomu moja inayosomwa na mtaalamu wa tiba kabla ya mtoto wa kwanza kupanda.

Ya matibabu: mkuu wa kituo anaidhinisha matibabu ya dharura mara moja hadi shilingi 600,000, kituo kikitanguliza malipo. Gharama za ugonjwa uliotokana na utunzaji wa kituo ni za kituo. Za uzee au ugonjwa wa zamani ni za familia. Zisizojulikana chanzo zinagawanywa nusu kwa nusu. Kwa upasuaji au kumuua kwa huruma farasi asiyepona, anaulizwa mwenye farasi, akikosekana anaulizwa ndugu aliyetajwa kwa jina na namba. Wote wakikosekana kwa saa moja na farasi yuko kwenye mateso, daktari anaamua peke yake na hatalaumiwa. Kipengele hicho kiliwachukua muda mrefu kuliko vyote, na familia iliomba kisomwe kwa sauti kabla ya kusaini.

Upande wa kupe, farasi wakapata bomba lao jekundu lisiloguswa na dawa ya ng'ombe, dawa ya jamii ya pairethroidi iliyochaguliwa na daktari, na ukaguzi wa mkono kila jioni: ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya miguu ya nyuma, mizizi ya nywele za shingo.

Matokeo

Jike alipumzika wiki tatu, akarudi kwa watoto wawili kwa siku, kisha wanne. Masikio yalirudi mbele wakati wa kufunga mkanda ndani ya mwezi, baada ya kununuliwa mkanda mpana wenye manyoya ya kondoo. Hakupata ugonjwa wa farasi wa Afrika masika yote. Watoto waliopunguzwa waliwekwa kwenye zamu za wiki mbilimbili, na wazazi wawili waliacha kuja kabisa.

Uchambuzi

Ukaguzi ulifanya kazi yake, na siku kumi za saisi wa mwenye farasi zilikuwa na thamani kuliko kurasa zozote. Ratiba ya banda na wavu vilistahili gharama, ingawa kumhamisha kabla ya masika kulikuwa kucheza na hatari isiyo ya lazima. Kituo kingengoja Julai kingepata farasi yuleyule bila presha ile.

Kosa la bomba lilionekana kuwa la kijana, lakini mpango wenyewe ulimwachia njia. Stoo ya chakula ilifungwa kwa sababu mtu alijua monensini. Stoo ya dawa haikufungwa kwa sababu hakuna aliyeuliza ni dawa zipi za ng'ombe zinazomdhuru farasi. Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya ukaguzi, daktari akiwa palepale. Kituo chochote chenye ng'ombe na farasi pamoja kianzie hapo.

Uchovu ulionekana wiki tatu kabla ya ugonjwa, ukaandikwa na mtu mwenye ujuzi, ukabaki kwenye daftari. Hatuwezi kusema ulichangia kuziba kwa utumbo. Tunaweza kusema kwamba farasi anayeondoka jukwaani kabla ya kuambiwa, mtoto akiwa na mguu mmoja hewani, ni ajali inayosubiri, na kwa usalama wa watoto hilo lilikuwa jambo zito kuliko kupe. “Kwa kadiri ya mahitaji” haina kikomo, kwa sababu mahitaji ya watoto hayana kikomo. Kikomo kinapaswa kutoka kwa farasi, kiandikwe kwa namba, na kimlinde pia mkuu wa kituo anayetazamana na mama aliyetoka Himo.

Saa 15 hazikupotea kwa uzembe. Kila mmoja alifanya kilichoandikwa. Mkataba ulitungwa ukimwona farasi mzima na watu wenye simu zinazopatikana. Wenye farasi wengi huona vibaya kuzungumzia kifo na fedha siku ya kukabidhi, kana kwamba ni kumwombea mabaya. Familia hii ilikiri baadaye kwamba ingejibu maswali yote yale kwa nusu saa, siku ya kwanza, kama ingeulizwa.

Jambo moja halijafungwa. Kituo kingependa azima igeuke zawadi jike akifika miaka 20, ili aishie pale alipozoea. Familia inataka arudi Usa River. Wamekubaliana daktari ampime akitimiza miaka 18, hatua, meno na mgongo, na kikao kifanyike wiki hiyohiyo.